Mililita Tano za Dawa

Niseme mapema ili msije mkanisifu bure: mimi nina wivu. Wivu wa mwanamume kwa mkewe akiongea na jirani ninaujua, na huo ulinipita. Wangu ulikuwa mbaya zaidi. Nilimwonea mke wangu wivu kwa sababu ya mkono wake wa kulia, na kwa sababu ya mililita tano za dawa.

Tulikuwa tunakaa Majengo, Meru mjini, nyumba ya vyumba viwili na stoo. Nilikuwa karani katika ofisi ya serikali, kazi ya kupanga mafaili na kuambiwa na wakubwa kwamba faili halionekani. Kamera ndiyo iliyokuwa raha yangu. Nilikuwa nimeinunua kwa Mhindi mmoja aliyekuwa anahama, kamera ya kuangalia kutoka juu, unainamisha kichwa kama mtu anayesali. Filamu yake ilitoa picha kumi na mbili tu. Stoo niliigeuza chumba cha kuoshea picha. Niliziba dirisha kwa gunia na blanketi, nikaweka meza, beseni tatu, na waya wa kuanikia filamu. Viazi tulivihamishia chini ya kitanda.

Ilikuwa ile miaka kahawa ilipopanda bei. Watu wa kwetu Githongo, ambao walikuwa hawajawahi kufikiria picha, sasa walitaka picha na ng'ombe, picha na redio, picha wakiwa wamesimama mbele ya mabati mapya. Jumamosi na Jumapili nilikuwa mtu wa maana. Niliitwa fundi. Mtu akishaitwa fundi mara mbili tatu, basi, kichwa kinavimba.

Sasa, dawa. Kuna dawa za unga zinazochanganywa ndoo nzima, na kuna ile ya maji mazito, ya rangi ya chai ya rangi, inayokuja katika chupa ndogo. Mimi nilitumia hii ya pili kwa sababu inakaa muda mrefu bila kuharibika. Niliagiza kutoka Nairobi na kuisubiri wiki mbili. Inataka kidogo sana. Nusu lita ya maji, mililita tano za dawa. Tano. Kijiko kimoja cha chai, tena cha kusawazishwa. Ukizidisha, filamu inaiva kupita kiasi. Pale palipopigwa na jua panakuwa peusi tititi kwenye filamu, na ukija kuchapa picha hapo panatoka peupe, hakuna jicho, hakuna pua. Ukipunguza, filamu inatoka hafifu, kila mtu anaonekana kama amejaa moshi.

Nilipimia kwa bomba la sindano ya ng'ombe, nililopata dukani wanakouza dawa za mifugo. Lilikuwa na mistari midogo ya kuhesabia. Kupima kwenyewe kunafanywa kwenye mwanga, mchana kweupe, filamu ikiwa imeshafungiwa ndani ya kopo lake lisilopitisha mwanga. Kwa hiyo sina hata kisingizio cha giza.

Shida yangu ilikuwa mkono. Mama yangu aliuza maharagwe na njahi, zile kunde nyeusi, katika soko la Gakoromone tangu nikiwa mgongoni mwake. Alipimia kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili ambalo kila mama wa soko analo. Hakuwahi kumuuzia mtu gorogoro la kusawazisha. Alijaza, akarundika mpaka likawa kilima, halafu mteja akishafungua kikapu, mama alichota kwa kiganja akatia juu: nyongeza. Bila nyongeza mteja anaondoka amenuna na harudi tena. Mimi ndiye niliyekuwa nikishika gorogoro siku za likizo. Nikisahau nyongeza, mama alinitazama kwa lile jicho lake, nami nikachota.

Basi mkono ukazoea. Nilivuta dawa mpaka mstari wa tano, nikaona ni kama nimemnyima mtu. Nikaongeza kidogo, katone. Halafu nikaona kwenye bomba kuna povu, nikaongeza cha kufidia povu. Filamu zangu zilikuwa nene, nyeusi, na picha zangu zilikuwa na watu wenye nyuso za chokaa. Nilijiambia ni jua la Meru.

Halafu nikaoa. Mke wangu alitoka Embu, na mamake alikuwa akiuza ugoro sokoni kule. Ugoro si maharagwe. Unapimwa kwa kizibo cha soda, na wazee wanaonunua wanakodoa macho. Ukizidisha kwa huyu, yule wa nyuma anataka vivyo hivyo, na kufikia saa sita huna mzigo. Mamake alijaza kizibo, akapitisha kidole gumba juu, fyu, kikawa sawa. Kilichoanguka kilirudi koponi. Mke wangu alilelewa na kidole gumba hicho.

Alikuwa hajamaliza mwezi nyumbani kwangu alipokuja kusimama kwenye mlango wa stoo, uliokuwa wazi kuingiza mwanga, akanitazama nikipima.

"Hiyo si tano," akasema.

"Ni tano."

"Unasoma pembeni, pale dawa inapopanda kwenye ukuta. Si usome katikati, pale ilipolala? Na inama bwana, macho yawe sawa na mstari. Unasoma ukiwa umesimama kama askari."

Nikamwambia kama anajua sana achukue apime yeye. Nilisema kwa hasira. Yeye akachukua bomba kweli. Alipiga magoti mbele ya meza, akavuta dawa polepole, akaligonga bomba kwa ukucha mpaka povu likapanda juu, akalisukuma nje, akarudisha mpaka mstari. Akapangusa ncha kwa kitambaa, kwa sababu tone linaloning'inia nje nalo ni dawa. Akamimina kwenye maji, kisha akayavuta maji yale yale ndani ya bomba na kuyarudisha mara tatu, ili dawa iliyoganda ndani itoke yote. Hayo yote hakuna aliyemfundisha. Mimi nilikuwa na karatasi yenye maelezo na nilikuwa nimeisoma mwaka mzima.

Filamu ile ilipokauka niliishika mbele ya dirisha nikaona roho inaniuma. Ilikuwa safi. Ilikuwa na nyeusi yake, na kijivu chake, na mahali pa kupitisha mwanga. Nilipoichapa, mzee mmoja wa Githongo alitokea na makunyanzi yake yote, na nyuzi za kofia yake ungeweza kuzihesabu. Mke wangu akapiga makofi kama mtoto. Mimi nikasema, "Siku hiyo kulikuwa na mawingu mazuri."

Tangu hapo akawa ndiye anayepima. Wateja wakaanza kusema fundi ameimarika. Nilipokea sifa hizo na kuzimeza. Mwalimu mmoja wa kike aliyekuja kuchukua picha za harusi ya nduguye alinishukuru, halafu akamgeukia mke wangu: "Na wewe ndiye mwenye mkono, nimesikia." Amesikia wapi? Nani anazunguka akisema? Wiki iliyofuata mpiga picha mwingine wa mjini, mtu tuliyekuwa tukigombea wateja, akabisha hodi kwangu, akanipita mlangoni, akamuuliza mke wangu anavyofanya kuondoa povu. Nyumbani kwangu! Na yeye akamwonyesha, na chai akampa.

Niliacha kuongea siku mbili. Alipouliza kuna nini nikasema kichwa. Nilinunua bomba jingine nikaliweka kwenye droo ya ofisi, na mchana, watu wakiwa wameenda kula, nilijaribu kupima maji. Niliinama. Nilisoma katikati. Nilifika tano, na mkono, haki ya Mungu, ukaenda wenyewe ukaongeza.

Na kama hiyo haikutosha, kulikuwa na mama. Mama yangu alimpenda mke wangu kupita kiasi. Mimi nikienda sokoni Jumamosi, naulizwa habari ya kazi. Yeye akienda, anakalishwa kwenye gunia bora, anachaguliwa ndizi mbivu, wanaanza kunong'ona na kucheka. Mama alimwita mwari, yaani binti kwa lugha yetu, kama aliyemzaa mwenyewe. Aliniambia mara moja mbele ya wanawake wenzake kwamba katika kuoa ndipo nilipopima sawa. Walicheka wote. Mimi pia nilicheka, lakini si kwa roho safi.

Mama hakupenda kamera. Alikuwa na picha moja tu duniani, ile ya kipande, kitambulisho chake, amekunja uso utadhani anashtakiwa. Nilikuwa nimembembeleza miaka mitatu. Kila nikiinua kamera alijifunika leso usoni na kunifukuza, "Toa hicho kitu chako, nina wateja." Na mama akicheka alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa na mwanya mpana mbele, na macho yalipotea yote kwenye mashavu. Nilitaka picha ya kicheko hicho kuliko kitu chochote nilichowahi kupiga. Nilikuwa nimepiga Githongo nzima, na sikuwa na mamangu.

Jumamosi moja, saa sita hivi, tulikuwa sokoni mimi na mke wangu. Kwenye kamera zilikuwa zimebaki picha tatu. Mama alikuwa amekaa chini ya gunia alilotundika kwa kivuli, anampimia mteja njahi. Nikainua kamera. Ya kwanza, leso. Ya pili, mgongo. Mke wangu akaniangalia akaona nilivyonuna, akaenda akachuchumaa kando ya mama, akamnong'oneza kitu sikioni.

Mama aliacha kupima. Mkono mmoja ulikuwa juu ya gorogoro na ule wa nyongeza ulikuwa hewani na njahi zake. Alimtazama mke wangu, akainua uso ukatoka kwenye kivuli ukaingia juani, akacheka. Akacheka na mwanya wote. Nikabonyeza.

Nilijua nimepata. Mtu mwenye kamera anajua.

"Umenipiga?" mama akauliza, bado anacheka, anapangusa macho. "Haya, leo sikatai. Nitaiweka ukutani watu wote waone." Akawaita wenzake kuwaambia amepigwa picha akicheka. Kisha akasema, na maneno haya ninayo mpaka leo: "Lakini wewe usiiguse. Mwache mwari anioshee. Wewe utanichoma uso."

Wanawake wakaangua kicheko. Mke wangu akasema, "Aa, mama, anajua siku hizi." Kunitetea kwake kuliniuma kuliko kile kicheko.

Jumapili mke wangu alienda kanisani. Alisema akirudi tutaosha. Niliposikia mlango wa nje umefungwa, nikaingia stoo. Nilikuwa na muda wa saa tatu. Nilitaka akirudi aikute filamu inaning'inia kwenye waya, imekauka, safi, na mama yangu ndani yake anacheka, na mimi nimekunja mikono. Nilikuwa nimeshaandaa hata maneno ya kusema.

Nilifungia filamu kwenye kopo gizani, nikatoka na kopo hadi kwenye mwanga. Nilipima maji nusu lita. Yalikuwa baridi, nikayapasha kidogo, pengine zaidi ya kidogo. Nikachukua bomba, nikapiga magoti kama yeye. Nikavuta mpaka tano. Nikasoma katikati. Ilikuwa tano kamili na kama ningeishia hapo, leo nisingekuwa naandika haya.

Lakini nilikaa pale chini nikiitazama ile tano. Ilikuwa ndogo mno. Huyu ni mama yangu, si mzee wa mabati. Nitampimia mama yangu kipimo cha kusawazisha, cha kidole gumba, kama muuza ugoro? Nikavuta kidogo. Ikawa sita. Nikaona povu, nikafidia povu. Chupani kulikuwa kumebaki kijitone cha mwisho, dawa iliyokaa chini, nikasema hii kidogo itaharibika bure. Nikaitia. Sijui ilifika ngapi. Nadhani kumi. Nilichojua wakati ule ni kwamba roho yangu ilikuwa imetulia, kama mtu aliyempa mteja haki yake.

Niliposhika filamu iliyolowa mbele ya dirisha, pale uso wa mama ulipokuwa palikuwa peusi kama lami. Nikaweka taa nyuma yake. Peusi. Niliosha tena kwa maji, na tena, kama kwamba ni uchafu.

Mke wangu alirudi na nguo zake za kanisa. Alisimama chini ya waya. Hakuuliza kwa nini sikumngoja.

"Ulipima ngapi?"

"Tano," nikasema.

Aliniangalia, akaangalia chupa tupu juu ya meza. Akavua kitambaa cha kichwa, akaingia stoo, akafunga mlango. Alijaribu kuichapa mchana ule wote. Aliipitishia mwanga dakika nyingi, akaziba sehemu nyingine kwa kiganja ili uso tu ndio upate mwanga, akaharibu karatasi baada ya karatasi. Pale kivulini kila kitu kilitokea: gorogoro na kutu yake, njahi moja moja, mkono wa mama juu ya kopo, na ule wa nyongeza umejikunja hewani, hata kovu la panga kwenye kidole. Juu ya shingo palikuwa peupe. Ulitokea ukingo wa leso na basi.

"Tutarudi tumpige tena," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu, sijui kwa dawa au kwa nini.

Hatukurudi. Au tuseme mimi sikurudi. Nilijua ili acheke itabidi mke wangu aende kumnong'oneza, na mimi nikajiapiza nitamfanya acheke mwenyewe, peke yangu. Nikawa naahirisha nikitafuta la kumwambia mama la kumchekesha. Akiiulizia picha, nilimwambia bado haijawa tayari. Jumamosi ikapita, nyingine ikapita, nyingine mvua. Kisha mama akashikwa na kifua na baada ya siku sita akatutoka.

Siku ya mazishi, Githongo, nyumba ilijaa. Mama alikuwa ameitangaza picha yake soko zima. Dada yangu mkubwa akasimama mbele ya watu wote akaniuliza: "Iko wapi ile picha ya mama akicheka? Tunataka kuiweka juu ya jeneza. Usituletee ile ya kipande."

Kila mtu alinigeukia. Nilifungua mdomo. Nilikuwa nataka kusema, nawaambia kweli nilikuwa nataka, lakini sauti haikutoka.

Mke wangu akasimama. "Ni mimi," akasema. "Mama alisema nimwoshee. Nilipima dawa vibaya. Uso umeungua."

Nikaona dada yangu anavuta pumzi, na najua ulimi wa dada yangu. Lakini shangazi, dada wa marehemu baba yangu, alikuwa ameshainuka na fimbo yake. Alimshika mke wangu akamkumbatia, akasema, "Usilie, mwari. Alikupenda. Hawezi kukasirika na wewe." Na wanawake wa soko wakaja, mmoja mmoja, wakamshika mabega. Dada yangu naye akaja, analia.

Nanyi mngedhani niliona haya. Niliona, lakini kwanza niliona wivu. Nilisimama kando ya jeneza la mama yangu nikaona mke wangu anasamehewa kosa langu, na nikauonea wivu ule msamaha. Ulikuwa wangu. Mikono yote ile ilipaswa kunishika mimi.

Jioni, tukivua viatu vyenye udongo, nilimuuliza kwa nini amesema vile.

"Wangekumaliza," akasema. "Wewe ni mtoto wake. Mimi watanisamehe."

Nikamuuliza kitu kilichokuwa kimenikera tangu ile Jumamosi. Nilitaka kujua alimnong'oneza nini mama. Akaweka mkono tumboni.

"Nilimwambia ana mjukuu. Nilitaka kukwambia wewe Jumapili, tukishaosha hiyo picha. Nilitaka ujue huku unamwona anavyocheka. Ilipoungua, nikasema nitangoja tukirudi kumpiga tena."

Mjukuu huyo sasa ana ndevu za mvi kidogo. Ile picha ya mikono iko ukutani sebuleni, kwenye fremu. Nilipostaafu tulihamia shambani Githongo nayo. Kila mgeni anauliza mbona nyanya hana uso, na kila mara mke wangu anasema, bila kuinua macho, "Nilipima dawa vibaya." Miaka yote hii amesema hivyo. Anasema hata mbele ya watoto wetu, nao humtania, wakisema mama asipewe kupima hata chumvi. Mimi huwa natazama chai yangu.

Krismasi iliyopita yule kifungua mimba alisimama mbele ya picha akasema, "Mama, ungepima sawa tu siku hiyo moja, ningekuwa nimemwona." Hakusema kwa ubaya. Mke wangu alikuwa akijimiminia dawa ya kifua kwenye kijiko. Mkono wake siku hizi unatetemeka, lakini bado anafika ukingoni na kuacha. Aliimeza, akajibu, "Nisamehe, mwanangu."

Usimsamehe. Hana kosa. Mamako hakupima siku ile, alikuwa kanisani, na wewe ulikuwa tumboni mwake. Nilipima mimi.